Soma Rejista Kabla ya Kugusa Msimbo

Programu inayoanguka huacha ushahidi, na ushahidi ulio karibu zaidi na tukio umo ndani ya rejista za prosesa. Vijana wengi wanaojifunza lugha ya C hapa Mombasa, wa chuoni TUM kule Tudor na wale wanaokaa na laptopu zao Swahilipot kando ya Fort Jesus, huuruka ushahidi huo. Programu ikianguka, wanajaza `printf` kila mstari, wanaikompaili upya, wanaiendesha tena, wanabahatisha. Njia hiyo hufika, lakini kwa mzunguko mrefu. Tena kuna makosa ya memori ambayo `printf` yenyewe huyaficha, kwa sababu kuiongeza hubadilisha mpangilio wa programu nzima. Hapa nitakuonyesha jinsi ya kuanzia pale programu ilipofia, ukasoma rejista, ukarudi nyuma hatua kwa hatua hadi pale thamani ilipoharibika.

Tushike mfano mmoja. Tuseme msikiti wa mtaani kwenu, Kibokoni au Kuze, umekuomba programu ya kuonyesha saa kwa Kiswahili kwenye skrini ya ukutani mwezi wa Ramadhani. Saa yetu huanza kuhesabiwa kwa mapambazuko, na Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, hivyo jua halichomozi mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima. Hesabu inaonekana nyepesi: chukua saa ya mfumo wa 24, toa 6, gawanya kwa 12, shika baki.

```
#include <stdio.h>

const char *majina[12] = {
    "kumi na mbili", "moja", "mbili", "tatu",
    "nne", "tano", "sita", "saba",
    "nane", "tisa", "kumi", "kumi na moja"
};

const char *jina(int saa, int mzunguko)
{
    int i = (saa - 6) % mzunguko;
    return majina[i];
}

int main(void)
{
    int saa;
    scanf("%d", &saa);
    puts(jina(saa, 12));
    return 0;
}
```

Ikompaili kwa `gcc -g -O0 saa.c -o saa`. Alama ya `-g` inahifadhi majina ya vigeu na namba za mistari, na `-O0` inaikataza kompaila kupangapanga upya ulichoandika. Ijaribu. Ukiingiza 7 inajibu moja. 13 ni saba. 20, wakati watu wako kwenye tarawehe, ni mbili. Mchana kutwa hadi usiku inajibu sawasawa. Ingiza 4, saa kumi alfajiri, watu wanakula daku, nayo inaanguka na kukuandikia `Segmentation fault`. Bado usirudi kwenye msimbo. Fungua dibaga.

Dibaga tutakayotumia ni GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986 na inayopatikana bure kwenye kila Linux. Kwa Ubuntu utaipata pamoja na kompaila kwa `sudo apt install build-essential gdb`. Iite kwa `gdb ./saa`, kisha andika `run`, halafu 4.

```
(gdb) run
4
Program received signal SIGSEGV, Segmentation fault.
(gdb) bt
#0  __strlen_avx2 ()
#1  puts ()
#2  main ()
```

Kwenye mashine yako maneno yatazidi haya kidogo, na jina la juu kabisa huenda likawa tofauti, lakini sura ni hiyo. `bt` inakuonyesha funksheni zilizoitana hadi pale programu ilipokufa. Itazame vizuri orodha hiyo, kwa maana kuna kitu hakimo. `jina`, funksheni tuliyoiandika sisi, haionekani. Ilishafanya kazi yake, ikarudisha jibu, ikaondoka, na aliyekufa ni `strlen` ndani ya maktaba ya C, ambayo haina kosa lolote. Anayeitegemea `bt` peke yake ataanza kuituhumu maktaba.

Sasa rejista. Prosesa za laptopu nyingi, za Intel na za AMD, zina rejista 16 za kazi za jumla, kila moja ya biti 64: `rax`, `rbx`, `rcx`, `rdx`, `rsi`, `rdi`, `rbp`, `rsp`, na `r8` hadi `r15`. Juu ya hizo kuna `rip`, inayoshika anwani ya amri inayofanywa, na `eflags`, inayoshika alama za matokeo ya hesabu. Fundi wa milango ya Mji wa Kale ana sanduku zima la vifaa, lakini mbao inachongwa na patasi iliyo mkononi. Memori ndiyo sanduku, rejista ndiyo mkono. Ukitaka kuziona zote andika `info registers`. Utapata safu tatu: jina, thamani kwa heksadesimali, na thamani hiyohiyo kwa namna inayosomeka zaidi.

Usizisome zote. Unayeanza utapotea humo. Anza na maswali mawili: programu ilikuwa ikifanya amri gani, na amri hiyo ilikuwa inagusa anwani gani?

```
(gdb) x/i $rip
(gdb) info registers rdi
rdi            0x0                 0
```

Amri ya kwanza inakuonyesha amri ya asembli iliyoua programu. Ndani yake utaona rejista iliyofungwa kwa mabano, kwa kawaida `(%rdi)`. Mabano hayo maana yake ni kwamba prosesa ilikuwa inakwenda memori kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya rejista ile. Ikiwa kwako rejista ya kwenye mabano ni nyingine, isome hiyo. Na anwani yenyewe ni sifuri. Linux haimruhusu mtu kusoma pale, ndiyo maana programu ikauawa.

Hapa kuna jambo moja la kulikariri. Kwenye Linux ya biti 64, funksheni ikiitwa, hoja zake za kwanza sita, zikiwa namba kamili au anwani, hupitia `rdi`, `rsi`, `rdx`, `rcx`, `r8` na `r9`, kwa mpangilio huohuo, na jibu hurudi kwa `rax`. Windows ina mpangilio wake: `rcx`, `rdx`, `r8`, `r9`. Mwenye kuijua orodha ya kwanza anaweza kuingia kwenye funksheni asiyoijua, isiyo na msimbo wa kusoma, na bado akajua imepewa nini. Kwa mfano wetu, `rdi` yenye sifuri inasema `puts` ilipewa sifuri mahali pa maneno. Aliyempa ni `main`, na `main` naye alilipokea jibu hilo kutoka kwa `jina`. Mshukiwa tumempata bila kubadilisha mstari hata mmoja.

Tumfuate sasa akiwa hai. Weka kituo cha kusimama, endesha upya, ingiza 4 tena.

```
(gdb) break jina
(gdb) run
(gdb) disassemble
```

GDB itasimama mlangoni mwa `jina` na kukuonyesha amri zake, mshale `=>` ukiwa kwenye ile inayofuata. Kama alama za asilimia na dola zinakuchosha macho, andika `set disassembly-flavor intel` upate mwandiko mwingine ulio mwepesi zaidi. Tafuta amri ya `idivl` (kwa mwandiko wa Intel, `idiv`). Hiyo ndiyo ya kugawanya: jibu huliweka kwenye `eax`, na baki huliweka kwenye `edx`. Nimeipitisha 12 kama hoja ya `mzunguko` kwa makusudi ili uione amri hii. Ungeiandika 12 moja kwa moja kwenye hesabu, GCC ingeibadilisha kugawanya iwe kuzidisha na kusogeza biti, kwa kuwa kugawanya ni kazi nzito kwa prosesa.

Andika `si` kusonga amri moja moja, hadi uipite `idivl`. Ukipenda kuona rejista zikibadilika mbele yako, andika `layout regs`: skrini itagawanyika, na kila rejista iliyobadilika itang'aa. Kwa anayejifunza sijaona somo zuri kuliko hilo. Kaa nalo nusu saa, songa amri moja, kisia ni rejista ipi itabadilika, kisha thibitisha.

Ukishaipita `idivl`, uliza:

```
(gdb) p $eax
$1 = 0
(gdb) p $edx
$2 = -2
(gdb) info registers rdx
rdx            0xfffffffe          4294967294
```

Kosa ndilo hilo. Baki ni -2, nasi tunaitumia kama nafasi kwenye jedwali lenye nafasi 0 hadi 11. Programu inarudi nyuma ya jedwali, inachota chochote kilicholala pale, na kukirudisha kana kwamba ni anwani ya maneno. Kwa 4 mara nyingi huwa ni sifuri, na programu inaanguka. Kwa saa nyingine za usiku huo huenda ikaandika herufi za ajabu na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na huo ndio ubaya zaidi, kwa sababu hakuna atakayejua ila aliyeko mbele ya skrini wakati wa daku.

Mwenye kutoka kwenye Python atashangaa, maana kule `-2 % 12` hutoa 10, na hesabu hii ingekuwa sahihi. Katika C, tangu kanuni za lugha za mwaka 1999, jibu la kugawanya hukatwa kuelekea sifuri na baki hufuata alama ya namba inayogawanywa. Lugha mbili, alama moja ya `%`, majibu mawili.

Tazama tena zile namba mbili za mwisho, -2 na 4294967294. Ni rejista moja. `edx` ni nusu ya chini ya `rdx`, biti 32 za mwisho, na GDB huisoma kama namba yenye alama, hivyo inatoa -2. Prosesa inapoandika nusu ya chini, nusu ya juu hufutwa ikawa sifuri, kwa hiyo ukiisoma `rdx` nzima unapata bilioni nne na ushei. Wengi hukwama hapa. Wakiona bilioni nne wanadhani memori imeharibika, kumbe ni hasi ndogo tu iliyosomwa kwa upana usio wake. Ukikutana na thamani ya tarakimu nane inayoanza na mfululizo wa `f`, kabla ya kufikiri jambo jingine lolote, isome kwa upana wa biti 32.

Kabla hujarekebisha msimbo, hakikisha dhana yako hapohapo. Saa kumi ni nafasi ya 10 kwenye jedwali. Iweke kwa mkono ndani ya rejista na uiachie programu iendelee:

```
(gdb) set var $edx = 10
(gdb) continue
kumi
```

Imejibu kumi. Sasa unajua kwa hakika kwamba kila kitu baada ya hesabu ile ni kizima na kosa ni lile moja tu. Badilisha `saa - 6` iwe `saa + 6`. Baki ni ileile kwa saa zote za mchana, kwa kuwa tofauti yao ni 12 kamili, na namba haitakuwa hasi kamwe. Kisha jaribu saa zote 24, sio zile unazokuwa macho tu: `for s in $(seq 0 23); do echo $s | ./saa; done`. Sifuri itoe sita, 3 itoe tisa, 5 itoe kumi na moja.

Mbinu ni hiyo. Yaliyobaki ni kuyazoea macho, na hili la kutambua thamani kwa sura ndilo linalomtofautisha mzoefu. Ndani ya GDB kwenye Linux, anwani inayoanza na `0x5555` kwa kawaida ni ya programu yako yenyewe, msimbo wake au data yake. Inayoanza na `0x7ffff7` ni ya maktaba. Inayoanza na `0x7fffffff` ni ya staki, mahali pa vigeu vya ndani vya funksheni. Namba ndogo kama `0x0`, `0x8` au `0x18` iliyokaa mahali pa anwani maana yake kuna anwani ya sifuri iliyoongezwa kitu kidogo, labda sehemu ya muundo ambao haukuwahi kutengenezwa. Na ukiona `0x617469764d`, usiifikirie kuwa ni anwani. Isome baiti moja moja kuanzia kulia: 4d ni M, 76 ni v, 69 ni i, 74 ni t, 61 ni a. Mvita. Maneno yamefurika kutoka kwenye nafasi uliyoyawekea yakakanyaga anwani iliyokuwa jirani, na unalopaswa kulitafuta ni `strcpy` au `scanf` isiyopimwa urefu.

Kuhusu `eflags` nitasema machache. Andika `info registers eflags` mara baada ya amri ya kulinganisha, utaona herufi kama `ZF` ikiwa thamani mbili ni sawa. Inasaidia pale `if` yako inapokwenda upande usioutarajia. Kwa kazi za kawaida hutaihitaji sana. Namba za desimali, kama hesabu za latitudo za kutafuta kibla, hazipiti kwenye rejista hizi tulizozungumza. Zinakaa `xmm0` hadi `xmm15`, na utazisoma kwa `p $xmm0.v2_double`.

Angalizo kuhusu `frame`. Ukiandika `frame 2` kupanda hadi `main` kisha `info registers`, GDB itajitahidi kukuonyesha rejista kama zilivyokuwa kwa `main`. Zile ambazo kanuni inamlazimu anayeitwa azirudishe alivyozikuta, kama `rbx` na `rbp`, zinaaminika. `rax`, `rdi`, `rdx` na wenzake haziaminiki huko juu, kwa sababu kila funksheni ina ruhusa ya kuzikanyaga, na unachoonyeshwa huenda ni thamani ya funksheni iliyoitwa mwisho. Za ukweli mtupu ni za `frame 0`.

Ukikompaili kwa `-O2`, kama programu nyingi zinavyotolewa kwa watumiaji, ukiuliza kigeu utajibiwa `<optimized out>`. Wengi hukata tamaa hapo. Kigeu hakikupotea bure. Mara nyingi kilikaa ndani ya rejista muda wote na hakikuandikwa memori kabisa, kisha rejista ile ikatumiwa kwa jingine. Hapo ndipo ustadi huu unapokulipa, kwa kuwa rejista zinabaki kuwa ndizo pekee unazoweza kuziuliza. Soma amri za karibu na `rip`, tazama zipi ziliandika kwenye rejista unayoitaka, weka kituo juu ya amri hiyo kwa anwani yake, `break *0x...`, uendeshe tena.

Kama huna laptopu, simu ya Android inatosha. Sakinisha Termux, kisha `pkg install clang gdb`. Prosesa ya simu nyingi ni ARM ya biti 64, na majina ni mengine: `x0` hadi `x30`, `sp` na `pc`. Hoja zinapitia `x0` hadi `x7`, jibu linarudi kwa `x0`, na anwani ya kurudi baada ya funksheni iko `x30`. ARM haina amri moja ya kutoa jibu na baki pamoja. Utaona `sdiv` ikigawanya, kisha `msub` ikitafuta baki. Soma rejista ambayo `msub` imeiandikia, mfano `p (int)$x0` ikiwa ni `w0`, na ile -2 utaikuta. Mwenye Mac atumie LLDB, ambako amri ni `register read`.

Lakini programu ya msikitini itaanguka saa kumi alfajiri, nawe uko kwako unakula daku. Hapo unahitaji faili la kiini, yaani picha ya memori na rejista zote kwa dakika ile ya kuanguka. Kabla ya kuiendesha programu kwenye mashine ile, andika `ulimit -c unlimited` kwenye terminali hiyohiyo. Faili linakokwenda linatajwa na `cat /proc/sys/kernel/core_pattern`. Kwenye mifumo inayotumia systemd kulihifadhi, utalifungua kwa `coredumpctl gdb saa`, kwingine kwa `gdb ./saa core`. Ukishalifungua, `bt` na `info registers` hufanya kazi kama kawaida. Huwezi kusonga mbele kwa `si`, kwa maana programu imeshakufa, lakini kusoma unaweza. Hifadhi nakala ya programu ileile uliyoisakinisha, iliyokompailiwa kwa `-g`. Ukiikompaili upya baada ya kubadilisha hata mstari mmoja, anwani hazitalingana na faili, na utakayosomewa yatakuwa uongo.

Stima ikiwa haina uhakika kwenu, andika `set logging enabled on` mwanzoni mwa kazi (GDB za zamani, `set logging on`), na kila utakachoonyeshwa kitahifadhiwa kwenye `gdb.txt`. Faili hilo dogo la maandishi ndilo la kumtumia mwenzako kwenye WhatsApp ukiomba msaada, pamoja na msimbo wako. Faili la kiini usilitume kwenye kikundi. Limebeba memori nzima ya programu: nywila zilizokuwa zimefunguliwa, namba za simu za wateja, funguo za kuunganisha malipo ya M-Pesa kama programu yako inazitumia. Rejista nazo zinaweza kubeba vipande vya siri hizo. Pitia `gdb.txt` kwa macho kabla ya kubonyeza, na faili la kiini lifute kwenye mashine ya msikiti ukishalimaliza.